Ubavu wa Mninga

Masele alikuwa fundi milango, na mtu asimwambie mengine. Pale Tabora mjini, kuanzia maduka ya Wahindi hadi nyumba ya mapadri, mlango uliofunga sawasawa ulikuwa wake. Chombo cha baharini hakuwahi hata kukiota. Mara Bwana Pirie, mhandisi mstaafu wa reli, akaleta kwa treni kutoka Kigoma mashua kuukuu ya matanga iliyoachwa na Wajerumani. Akaiweka uani kwake, maili mia tano na ushei kutoka pwani, akatangaza kwamba ataitengeneza upya aende nayo hadi Shelisheli. Watu walicheka hadi machozi.

Masele, aliyepewa kazi hiyo, hakucheka. Mpishi wa Bwana Pirie alikuwa Raymundi, mtoto wa pekee wa Masele, naye alikuwa amekubali kwenda. Kijana wa miaka ishirini na mbili, hajui kuogelea, amekulia vumbini! Mama yake, Getruda, alilia siku tatu. Siku ya nne alikuja pale uani, akamshika mumewe mkono mbele ya watu.

"Baba Raymundi, mimi bahari siijui. Ninachojua ni mikono yako. Mtoto wangu anirudie."

Basi Masele akafanya kazi miezi kumi na minne kama aliyerukwa na akili. Alitengeneza vitanda, kabati za vyombo, mahali pa matangi ya maji na pa pampu. Ubavu uliooza akaubandua wote, akaandaa mbao mpya za mninga, kavu kabisa. Hapo Bwana Pirie akamwonya: kati ya ubao na ubao aache nafasi, unene wa shilingi, ijazwe pamba na nta.

"Ndiyo, Bwana," alijibu Masele, moyoni akitukana. Nafasi! Mtoto wa watu anakwenda kulala juu ya maji, halafu ubavuni aachiwe nyufa? Hata kabati la vikombe hakuwahi kulitengeneza ovyo namna hiyo. Huyu mzungu angekuwa anampeleka mwanawe mwenyewe, angesema hivyo?

Bwana Pirie akaugua malaria, akalazwa wiki tatu. Masele hakupoteza muda. Alipiga randa kila ubao hadi ukamkaa mwenzake barabara, akaupigilia kwenye mataruma, zile mbavu za ndani za chombo. Akapaka nta ya nyuki iliyotoka Ipole, na juu yake rangi nyeupe. Bwana aliporudi, amekonda, alipapasa ubavu ule akasema, "Kazi safi, fundi." Jamani, Masele alifurahi siku ile!

Chombo kilipakiwa kwenye behewa mwezi wa Juni. Raymundi alimwamkia baba yake shikamoo mara mbili, kwa furaha iliyomchanganya, na baba akaitikia marahaba zote mbili. Treni ikaondoka.

Barua ilifika Septemba, Bwana Pirie ameiandika mwenyewe kwa Kiswahili chake. Getruda hakujua kusoma. Walikaa mkekani pamoja, Masele akamsomea. Siku ya saba baharini, hali ya hewa nzuri tu, mbao zilivimba kwa maji. Zikasukumana, hazina pa kwenda, zikavunja mataruma, maji yakaingia. Bwana hakuelewa, maana nafasi ya kuvimba aliagiza iachwe. Alishukia kimashua kidogo cha akiba, akamwita Raymundi aruke. Raymundi aliendelea kupiga pampu. Alicheka, akasema, "Bwana, hiki hakizami. Amekijenga baba."

Getruda alipiga yowe. "Ameniulia mwanangu! Mzungu amekosea vipimo, ameniulia mwanangu!"

Masele angeweza kunyamaza. Tabora nzima ingemlaani Pirie, na yeye angepewa pole hadi kufa kwake. Lakini yale maneno ya mwisho ya mwanawe hayakumruhusu.

"Si yeye, Mama Raymundi. Aliniambia niache nafasi. Ni mimi niliyeziba."

"Kwa nini?"

"Maji yasimfikie."

Alingoja ampige. Alitamani ampige. Getruda aliichukua ile barua mkononi mwake, akaitazama mistari asiyoijua.

"Nionyeshe jina lake."

Masele akaweka kidole. Mkewe akapafunika kwa kiganja, akainuka mkekani.

"Wewe mlilie hapo," akasema. "Mimi nitamlilia kwetu."