Asilimia Nne za Maswali

Nimepiga chapa miaka thelathini na mmoja katika ofisi tatu, na kipanya cha kompyuta sijakihitaji hata siku moja. Kipanya ni cha watu wasiojua kuandika. Vijana wakishangaa kuona bibi wa watu ameketi mbele ya dirisha jeusi lisilo na picha wala vitufe, anaandika amri mstari kwa mstari, huwa nawajibu kwamba hiyo ndiyo kazi yangu ya siku zote: mimi naandika, mashine inatii.

Ila mwezi wa tatu sasa mashine ilikuwa imekwama. Kila asubuhi dirisha jeusi liliniambia neno lilelile: asilimia tisini na sita.

Mdogo wangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, alifundisha watoto viziwi maisha yake yote. Kabla hajafa alirekodi masomo kumi na nane ya lugha ya alama, yeye na mikono yake mbele ya ukuta mweupe. Akayaweka kwenye tovuti, akayaweka na kwenye torenti. Torenti haina ghala moja. Aliyepata kipande humpa mwenzake, naye humpa mwingine, na faili huishi maadamu kuna watu walioacha kompyuta zao wazi. Kila somo lilianza na maneno yaleyale, yameandikwa chini ya kidevu chake: Chukua, mpe na mwenzako.

Alipofariki, mwanawe wa pekee akayauza kwa kampuni. Kampuni ikayafuta kwenye tovuti, ikasema yatarudi kwa ada, siku ambayo hawakuitaja. Nikakimbilia torenti. Nikakuta watu wanne tu wamebaki, na wote wanne wana vipande vilevile. Masomo kumi na saba yalishuka siku moja. La kumi na nne likagoma, na hilo ndilo somo la maswali: nani, nini, wapi, kwa nini.

Mjukuu wangu ana miaka sita na hasikii. Tunamwita Macho, maana hakuna kinachompita. Mwalimu alimwanzisha mwenyewe, mauti yakamkatiza. Sasa Macho anajua kusema maji, paka, nimechoka, sitaki. Hilo la sitaki analijua sana. Kuuliza hajui. Kitu kikimtatiza hunivuta sketi, hunitazama, halafu huacha. Watu wanasema kuuliza si ujinga. Basi aliyemfungia mtoto maswali kabatini tumwiteje? Liliniuma hilo, na sikuwa na nia ya kulizoea.

Jumamosi asubuhi mwana wa mdogo wangu akabisha hodi, kompyuta ya marehemu mama yake kwapani.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba. Umeadimika."

"Kazi nyingi." Akakaa ukingoni mwa kiti. "Kampuni wamenipigia. Wanasema kuna torenti ya masomo bado iko hai, na wewe ni mmoja wa wanaoigawa."

"Hawajakosea."

"Basi uifute."

"Sifuti."

Akashusha pumzi. "Ngoja nikuonyeshe mkataba, uko kwenye barua pepe yangu. Kompyuta yangu imeharibika, nimeichomoa hii ya Mama kabatini. Nipe nywila ya waifai."

Nikampa. Ugomvi ni ugomvi, lakini mgeni ni mgeni.

Akaanza kusoma. Mimi nilikuwa namsikiliza kwa sikio moja, maana nyuma ya mgongo wake, juu ya meza yangu, dirisha jeusi lilikuwa limebadilika. Wagawaji wanne walikuwa watano. Huyo wa tano alikuwa na vipande vyote. Asilimia tisini na sita na nusu. Nikasoma namba za anwani yake ya mtandao, nikaona zinaanza kama za waifai ya nyumba yangu.

Nikamtambua mdogo wangu hapo hapo. Alikuwa ameipangia kompyuta yake ianze kugawa kila inapowashwa, bila kumwomba mtu ruhusa. Tangu mazishi haikuwa imewashwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

"Endelea, mwanangu," nikamwambia. "Usiruke kifungu hata kimoja."

Nikamletea chai. Nikasema kifungu cha saba sijakielewa, arudie. Akarudia. Nikasema sasa cha sita ndicho kimenichanganya. Tisini na nane. Tisini na tisa. Kijana wa watu alikuwa anasoma kwa bidii kama anafanya mtihani, nami karibu nimwonee huruma.

Ilipotimia mia nilicheka kwa sauti. Akageuka, akaona.

"Unafanya nini, Mama Mkubwa?"

"Mimi? Nakunywa chai. Anayegawa ni mama yako."

Akaitazama kompyuta iliyo mapajani mwake, kisha akaweka mkono juu ya kifuniko.

"Funga ukitaka," nikasema. "Somo langu limejaa. Ila mimi siizimi kompyuta yangu. Wapo wengine wanne wanaongoja, na mimi si mtu wa kula nikaondoka."

"Watakushtaki."

"Nyumba waijua. Waambie asubuhi huwa nipo."

Nikaandika amri moja, somo la kumi na nne likafunguka. Mwalimu akatokea mbele ya ukuta wake mweupe, na yale maneno yake chini ya kidevu. Mwanawe hakuwa amemwona akitembeza mikono tangu tumzike. Mkono wake ukakaa palepale kwenye kifuniko, haufungi, hauondoki.

Macho akaja mbio, akasimama mbele ya kioo. Mwalimu akagusa paji la uso kwa kidole, kisha akakifungua kiganja mbele yake: kwa nini. Macho akajaribu, akakosea. Akajaribu tena, ikakaa sawa. Akanifanyia mimi, nikaitikia kwa kichwa. Halafu akatazama chumbani kutafuta wa kumuuliza.

Akaenda kwa mjomba wake. Akautazama ule mkono juu ya kifuniko, akamtazama usoni machozi yalipokuwa yanashuka, akagusa paji la uso, akafungua kiganja.

Kijana alielewa. Alilelewa na lugha hiyo kabla hajajua kuzungumza. Ikambidi aachie kifuniko. Kumjibu kunahitaji mikono miwili.