Ndege Aliyeiangusha Ndege

Kapteni Athanas alikuwa hajamaliza kushuka kwenye gari pale Katoro, dereva mmoja wa bodaboda akampigia saluti. Mwingine akazima pikipiki yake na kuuliza kwa sauti iliyofika hadi kwa wauza dagaa, "Ndiye wewe rubani? Uliyepigana na ndege ya adui huko juu?"

Athanas akamgeukia mshenga wake. Mzee Mabula, rafiki wa marehemu baba yake, alikuwa ametoka naye Chato asubuhi hiyo, amevaa koti lake la kwendea shughuli za watu, na sasa alikuwa akiangalia pembeni kama anayetafuta choo.

"Mzee Mabula, umewaambia nini hawa watu?"

"Mimi? Nimesema ukweli mtupu. Nilipokuja kubisha hodi mara ya kwanza, wakwe zako waliniuliza helikopta yako iliangushwa na nini. Nikajibu, ndege. Si ulivyoniambia mwenyewe?"

"Ndege wa manyoya, mzee! Korongo!"

"Korongo hukumtaja. Ulisema ndege, basi." Mabula akashusha sauti. "Nilipokuja kuelewa, habari ilikuwa imeshavuka Geita. Sasa ningeikimbiza na nini? Na wamefurahi, mwanangu. Wamefurahi sana. Wewe nyamaza, uoe."

Athanas alitaka kucheka, lakini akakumbuka kule alikoangukia. Mwaka uliopita alikuwa katika kikosi cha kulinda amani, kwenye nchi iliyokuwa ikitafunwa na vita. Kazi yake ilikuwa kurusha helikopta ya kubeba majeruhi, na nyuma yake, akiwa amepiga magoti katikati ya machela, alikaa Sajenti Violeth, muuguzi wa jeshi, binti wa hapa hapa Katoro. Kule ndege zilianguka kwa sababu nyingi. Moja iliingia kwenye ukungu ikauvaa mlima. Ya Kapteni Chacha, aliyesomea urubani pamoja na Athanas na kulala naye hema moja, ilitunguliwa ikiwa inatua, na hakutoka mtu. Ya Athanas haikuguswa na risasi hata moja. Iligongwa na korongo. Wachunguzi walifungua injini wakakuta manyoya.

Nyumbani kwa Mzee Ndaki, baba yake Violeth, turubai lilikuwa limeshafungwa uani na meza na viti vya plastiki vimepangwa. Harufu ya wali na nyama ilikuwa imetanda mpaka barabarani. Mama Violeth alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, mama," Athanas alisema, akiinamisha kichwa.

"Marahaba, mkwilima wangu!"

Shangazi mmoja nyuma yake akakohoa, maana neno la mkwe halitamkwi kabla wazee hawajakubaliana. Mama Violeth akajifanya hakusikia. Akampokea Athanas kikapu cha sato, akawainua samaki mmoja mmoja kuwaonyesha wenzake, na vigelegele vikaanza kabla ya wakati.

Chini ya turubai aliketi Mzee Ndaki, mtu mfupi mwenye mabega mapana, aliyetumia nusu ya umri wake kwenye winchi, akishusha wachimbaji kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, na kuwapandisha. Kando yake alikuwa mdogo wake, Herman, mwuza vipuri vya pikipiki sokoni. Huyu Herman ndiye aliyeieneza habari. Alikuwa ameisimulia sana kiasi kwamba sasa aliifahamu kuliko aliyeanguka.

Mzee Mabula alianza kwa adabu zote, akasema wamekuja kuomba kuwa watoto wa nyumba hii. Kabla hajafika mbali, Herman alivuta kiti mbele.

"Mshenga, samahani, hayo tutayamaliza. Kwanza kijana atuambie. Ile ndege ya adui, ilitokea upande gani?"

Mabula akamkanyaga Athanas mguu. Athanas akajibu kwa uangalifu, "Upande wa kulia, baba mdogo. Alitokea kwenye mawingu."

"Alitokea! Mnasikia?" Herman akawageukia majirani waliokuwa wamejazana uani. "Mwenyewe anamwita kama mtu. Ndivyo marubani wanavyoheshimiana. Ikafyatua?"

"Hakufyatua kitu."

"Iliishiwa risasi!" Herman akapiga paja. "Sasa ikakuvaa yenyewe! Nilisema! Kaka, sikukwambia?"

Mzee Ndaki akatikisa kichwa polepole, macho yake yakimwangalia Athanas kwa heshima ambayo rubani huyo hakuwahi kutazamwa nayo hata na wakuu wake. "Wabeja sana, baba, asante," mzee alisema. "Umepigana na mtu kama huyo, na mtoto wangu yuko nyuma yako, na ukamrudisha. Mimi sina swali jingine."

Kumbe ingekuwa rahisi namna hiyo. Athanas alitakiwa kunyamaza tu, na jioni angeondoka na mke. Mzee Mabula alikuwa tayari anatabasamu kwa ajili ya wote wawili. Lakini Athanas alimkumbuka Chacha, jinsi alivyokuwa akipiga mluzi anapofunga mkanda wa kiti. Chacha ndiye aliyekutana na adui. Athanas aliona kwamba akiichukua sifa ile atakuwa amemnyang'anya mwenzake kitu ambacho hawezi kurudi kukidai. Na huyu mzee angekuwa baba yake. Angemwangaliaje machoni miaka yote?

Akasimama.

"Kaa, kaa," Mabula alinong'ona. Athanas hakukaa.

"Baba, naomba mnisamehe, najua leo si mimi wa kusema. Hakukuwa na ndege ya kivita. Aliyetuangusha ni korongo. Ndege, huyu wa miguu mirefu, anayekula vyura."

Mtoto mchanga alilia, akanyamazishwa.

"Korongo," Herman alisema, taratibu, kama anayeonja dawa.

"Korongo, baba mdogo. Walikuwa kundi. Mmoja alivunja kioo cha mbele, mwingine akaingia kwenye injini. Injini ikazima."

"Mimi nimewaambia soko zima..." Herman alimtazama kaka yake, akawatazama majirani, akavua kofia. "Hata padri nimemwambia!"

Mzee Ndaki hakucheka. Alikuwa ameinama mbele, viwiko juu ya magoti. "Injini ilizima mkiwa juu?"

"Ndiyo, baba."

"Juu kiasi gani?"

"Nyumba zilionekana kama vibiriti."

"Na injini ikizima, helikopta si inadondoka kama jiwe?"

"Ukichelewa, inadondoka. Ukiwahi, unaishusha kwa namna ambayo upepo unaotoka chini unayazungusha mapanga, yanaendelea kuzunguka bila injini. Unakuwa na nafasi moja tu ya kutua. Niliona shamba la viazi, nikalielekea."

"Tulikuwa na majeruhi waliofungwa kwenye machela!"

Sauti hiyo ilitoka mlangoni mwa jiko. Violeth alikuwa amesimama pale na gauni lake jipya la kitenge, mwiko mkononi, shangazi wawili wakimvuta nyuma maana msichana haonekani siku ya posa yake. Akajichomoa.

"Aseme vizuri, baba! Anasema kama anaegesha baiskeli. Damu ya korongo imemjaa usoni, haoni jicho moja, bega limechanwa na vioo, na bado anatuambia huko nyuma, shikeni machela, tunatua, shikeni machela. Hakupiga kelele hata kidogo. Mimi ndiye niliyepiga kelele! Tulipogonga chini alikuwa wa kwanza kufungua mlango wa nyuma. Tuliwatoa wote. Wote, baba. Mpaka leo wako hai, mmoja ananitumia picha za mtoto wake."

Akasita, akagundua kwamba watu wote wanamtazama, na mwiko unadondosha mchuzi kwenye gauni.

Mzee Ndaki alisimama. Alimsogelea Athanas mpaka Mabula akafumba macho.

"Mimi nimeshusha watu chini kwa kamba maisha yangu yote," mzee alisema. "Siku moja winchi ilivunjika mikononi mwangu, na kijana wa watu yuko kwenye kamba. Niliishika kwa mikono hii. Ngozi yote ilibaki kwenye kamba, lakini kijana alipanda. Hakuna aliyeniuliza kwa nini winchi ilivunjika. Mama yake aliuliza kama niliachia." Akamshika Athanas bega, lile zima. "Hukuachia."

Ndipo alipoanza kucheka. Kicheko kilianza tumboni, kikapanda mabegani, mpaka akalazimika kushikilia nguzo ya turubai. "Korongo! Herman, korongo! Na ulisema ilikuwa na makombora manne!"

"Matano," jirani mmoja alisahihisha, na ua mzima ukalipuka. Herman alijikaza kwa muda, kisha naye akashindwa, akacheka hadi machozi, akisema padri atamwelewa lakini wauza vipuri hawatamwelewa kamwe. Mzee Mabula alifungua jicho moja, akaona hali ni shwari, akadai kwa sauti kwamba yeye tangu mwanzo alisema ndege tu.

Wazee walikubaliana haraka kuliko ilivyo desturi, na harusi ikapangwa baada ya mavuno ya mpunga. Mama Violeth alileta maji ya kunawa mwenyewe. Shangazi walijaribu kumrudisha Violeth jikoni, lakini alikuwa ameshavuta kiti, akaketi kando ya Athanas mbele ya kila mtu, akamwekea mnofu wa nyama kwenye wali.

"Kula," alimwambia. "Umekonda."

"Nilikuwa na hofu," Athanas alisema. "Kuliko siku ile."

"Najua. Nilikuwa nakuchungulia dirishani." Akaficha kicheko nyuma ya kiganja, na chini ya meza akamshika mkono, huku barabarani mtu akiwa ameshaanza kupiga ngoma.