Raita ya Vidole Vitatu

"Chagua, kaka. Ya mkanda mpana au ya waya mwembamba?"

Ipyana, muuza vipuri vya kompyuta pale Mwanjelwa, Mbeya, aliweka raita mbili mezani. Zote za kuchomea DVD, zote nyeusi, na kwa mbele ungeapa ni mapacha. Tofauti ilikuwa mgongoni, pale waya unapochomekwa. Ukikosea, umenunua tofali.

"Kwanza nijibu," alisema Sosthenes. "Hili duka au makumbusho? Watalii wanalipa kiingilio?"

Ipyana hakucheka. Hata Sosthenes mwenyewe, aliyetoka Kihesa, Iringa, kwa basi la kwanza, alicheka kwa meno tu.

Kesho yake ukoo ulikuwa unakutana kumaliza msiba wa babu yake, mzee Kalinga. Bibi Verediana aliomba jambo moja tu: amwone mumewe akizungumza kwenye harusi ya Amos, mwanawe wa mwisho. "Nimeanza kuisahau sauti yake," alisema huku anachambua maharage, kama mtu anayetaja kwamba chumvi imeisha. Video ilikuwa kwenye kompyuta kuukuu ya Sosthenes, naye akajibu kwa mbwembwe zake: "Hilo tu, bibi? Babu utamtazama mpaka umchoke!"

Radi ikamsikia. Ilipopiga, iliua raita na matundu ya kuchomekea flash kwa mkupuo mmoja, na hadi disk iliyotunza video ikabaki inalia kama mashine ya kusaga iliyomeza kokoto. Fundi wa Iringa alinawa mikono mapema: "Nikiing'oa ikafa, usije ukaniletea msiba wa pili." Ilibaki njia moja: raita nyingine, ambayo Iringa haikupatikana, ichome DVD moja ya kuingia kwenye deki ya bibi, kabla hadi disk haijakata roho.

Na msomi wetu wa kidato cha nne alipanda basi bila kufungua CPU kutazama waya wake.

Akampigia simu mama yake, Tekla, msukaji wa vikapu vya nyasi za milulu. Simu ya mama ilikuwa ya vitufe, isiyotuma picha. Ilibidi aeleze kwa mdomo.

"Mama, fungua CPU. Unaona mkanda mpana wa nyaya humo?"

"Nauona. Wa kijivu. Vidole vitatu."

"Una uhakika?"

"We mtoto! Nasuka tangu hujazaliwa, leo unifundishe kupima?"

Sosthenes akalaza vidole vyake vitatu juu ya mkanda wa Ipyana. Sawasawa kabisa. Akachukua ya mkanda mpana, maana mfuko ulikuwa wa raita moja na nauli.

"Mali ikitoka hapa hairudi," Ipyana alimwambia.

Chimala, njiani kurudi Iringa, basi likasimama, wauza mchele wakalizunguka. Mama mmoja akashika ukingo wa dirisha kumwonyesha mchele wake. Sosthenes hakuuona mchele. Aliona vidole: virefu, vyembamba, kama vya mama yake. Akatazama vyake, mihogo mitupu. Vidole vitatu vya nani?

Akapiga simu. "Mama, ule mkanda umetokea kwenye kidude gani?"

"Hiki chenye mdomo mwembamba. Cha zile diski za mraba ulizokuwa unachezea udogoni."

"Na kile cha CD?"

"Hicho kina kawaya kembamba, kekundu. Si uliuliza mkanda? Kawaya hukuuliza."

Sosthenes aliteremka na boksi lake. Basi likaondoka bila yeye. Akapiga namba iliyobandikwa kwenye boksi.

"Kaka Ipyana, ni mimi... wa makumbusho."

"Mtalii! Umesahau kupiga picha?"

"Nimekosea raita. Nakuomba, kaka. Kesho bibi yangu anataka kumwona babu, na babu ameshafariki."

Alisubiri amsikie akicheka. Hakucheka.

"Mpe konda wa basi lolote linalokuja huku. Akinipigia kwamba anayo mkononi, natuma ya waya mwembamba. Isiponifikia, mimi ndiye mjinga."

Sosthenes akatuma, akakaa barabarani akichungulia kila basi lililotokea Mbeya. Wauza mchele walimtania, yeye kimya, jambo ambalo Kihesa wasingeliamini. Jua lilikuwa limeshainama ndipo konda alipoteremka na kifurushi cha gazeti. Nauli ilikuwa imekwisha; konda akamhurumia, akasafiri amesimama hadi Iringa, kifurushi kifuani.

Kesho yake ukoo mzima ulijaa sebuleni. Kawaya kekundu kakaingia bila kusukumwa. Raita ikaanza kuzunguka, na hadi disk ikalia kwa namna iliyowafanya watu waache kutafuna. Sosthenes hakukaa. Hatimaye diski ikatoka, ya moto. Ndani ya CPU kitu kikagonga mara moja, kikanyamaza. Skrini ikawa nyeusi.

"Imekufa?" mama akanong'ona.

Sosthenes akaiingiza diski kwenye deki.

Mzee Kalinga akatokea, amevaa koti linalotosha watu wawili. Akakohoa, akasema, "Amos mwanangu, mke haulizwi mara mbili."

"Koti lile!" Bibi Verediana akamaka. "Nilimkataza asilivae!"

Akavuta kiti mpaka magoti yakagusa meza ya televisheni. Mumewe akasema yote, akaketi.

"Rudisha mwanzo, mjukuu wangu."

Deki hiyo ilijulikana kwa kukwaruza diski, na diski ilikuwa moja duniani. Sosthenes akashika rimoti kwa mikono miwili kama anayeshika yai, akabonyeza.