Albamu ya Jemedari Povu

TANGAZO KWA UMMA. Wakazi wote wa mtaa huu, wakubwa kwa wadogo, wenye masikio mawili na hata wenye moja, mnajulishwa kwamba Jumamosi hii, saa nane mchana, mlangoni kwa dobi, Jemedari Povu, simba wa vina, bingwa asiye na mpinzani, atatoa albamu yake ya kwanza. Nyimbo saba kamili. Asiyefika asije akalaumu mtu.

Tangazo hilo liliandikwa kwa mwandiko wa fahari kwenye boksi la sabuni ya unga na kubandikwa kwenye nguzo ya umeme, mbele ya duka la kinyozi. Watu walilisoma kwa heshima kubwa. Upepo ulipolipindua, walisoma na upande wa pili: "Tumia kikombe kimoja kwa kila ndoo."

Mwandishi wa tangazo ni mimi. Nasoma shule ya bweni, mahali ambapo mtu hufundishwa mambo matatu: kuamka, kupanga mstari, na kukana. Likizo ile baba alinipeleka kwa dada yake mwenye duka la dobi, eti nikajifunze kazi. Nadhani alitaka tu nyumba yake ipumue.

Duka la Shangazi ni chumba kimoja kirefu. Mbele kuna meza ya kupokelea nguo, katikati meza ya pasi, na nyuma kabisa mashine ya kufulia iliyovunjika mguu mmoja ikawekewa kipande cha ubao. Kwa sababu ya ubao huo mashine huchechemea ikizunguka: dum-tak, dum-dum-tak. Shangazi husimama kando yake kutwa nzima akifoka, na maneno yake huufuata ule mguu wa ubao bila mwenyewe kujua. Siku yangu ya kwanza nilifua shati la mteja likiwa na kalamu. Akanijia juu:

"Mfukoni umetazama? Hukutazama!
Kalamu imo ndani? Imezama!
Wino umepanda mpaka mabegani,
mwenye shati nimwambie nini, jamani?"

Mtoto mwenye adabu angelia. Mimi nilitikisa kichwa kwa mdundo.

Kesho yake nilificha simu kwenye kikapu cha vibanio, juu ya mashine. Nikarekodi, maana Shangazi alikuwa bado anaifokea kalamu ileile. Kisha nikaishusha sauti ya Shangazi hadi ikawa ya dume lililomeza kokoto, nikampelekea kinyozi wa jirani, ambaye ana spika kubwa kuliko kiti chake cha kunyolea.

"Nani huyu?" akauliza kinyozi, mashine yake ikiwa imesimama katikati ya kichwa cha mtu.

"Jemedari Povu," nikasema. "Msanii mpya. Ni rafiki wa rafiki yangu shuleni. Hapendi kuonekana."

"Kwa nini hapendi?"

"Ni mkubwa mno."

Yule mwenye nusu ya nywele akasema, "Rudia."

Siku chache baadaye mtaa wote ulikuwa unaulizana kama mfukoni umetazama. Mwenye duka la vyuma alimwuliza mkewe, wakanuniana. Watoto waliwauliza kuku. Wateja wa Shangazi walianza kuleta nguo zikiwa zimeshapekuliwa, mifuko imening'inia nje kama ndimi. Na kila niliposimama nilishikwa shati: "Msemaji! Albamu lini?" Nami, kwa uzito wa ofisi yangu, nilijibu, "Jemedari atatoa kauli."

Ni mtu mmoja tu ambaye wimbo ule ulimpata vibaya. Huyo ni Bwana Pasi, mpiga pasi wa Shangazi, mzee mrefu ambaye nusu ya mwili wake huishi ndani ya mvuke. Amefanya kazi pale tangu kabla sijazaliwa. Ndiye aliyeinyoosha sare yangu ya kwanza ya bweni, akanifundisha kukunja shati likae sandukuni wiki nzima bila mkunjo. Spika ya kinyozi ilipoanza kunguruma, Bwana Pasi alisimama wima, akaweka pasi chini, akaanza kupekua mifuko ya suruali iliyokuwa mbele yake.

"Sijui nina nini," aliniambia. "Huyo kijana akianza tu kuimba, natafuta kosa langu."

Na Shangazi? Hapa ndipo dunia ilipogeuka miguu juu. Hakujitambua hata chembe. Alitoka hadi mlangoni, mikono imejaa povu, akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyu ndiye mwanamuziki," akatangaza. "Sio wale wa kutikisa viuno. Huyu kalelewa! Kijana mdogo, anajua kwamba mfuko hupekuliwa. Mama yake popote alipo, nampa mkono."

"Ni kweli, Shangazi," nikasema. "Ana malezi kama ya kwetu."

"Usijifananishe. Mwambie alete suti yake ya kupandia jukwaani. Nitaifua mwenyewe, bure."

Akaapa kwamba Jumamosi atafunga kazi saa nane amsikilize Jemedari. Shangazi, ambaye aliwahi kuumwa jino akapokea nguo huku ameshika shavu!

Sasa nieleze shida yangu. Nilikuwa na nyimbo sita: "Mfukoni Umetazama", "Nani Kala Kibanio", "Kola Haijifui" na nyingine za uzito huohuo. Lakini nilikuwa nimetangaza saba, kwa sababu saba ni namba yenye heshima, na sita inafanana na mtu aliyeishiwa. Sikuwa na wasiwasi. Shangazi alikuwa kisima kisichokauka.

Kisima kikakauka. Tangu ampende Jemedari, Shangazi alikuwa na furaha. Alifua akiimba kimoyomoyo. Nikaacha kikapu cha vibanio mvuani. Akasema vibanio navyo huhitaji kuoga. Nikakunja suruali ya karani wa benki kwa upana. Akaikunjua huku akicheka. Nikampokea mteja mdomo umejaa mkate.

"Ujana ni moshi, ukienda haurudi," akamwambia mteja. "Mwache ale."

Alhamisi ilifika, nyimbo bado sita. Nikaangalia huku na huku kama jemedari aliyeishiwa risasi, macho yakaangukia makoti meupe ya daktari wa meno.

Lazima ujue sheria ya duka lile. Nguo nyeupe hazishikwi na yeyote ila Bwana Pasi. Yeye huzihesabu, huzikagua, huzitia mashineni. Hata Shangazi hazigusi. Daktari wa meno ndiye mteja wake mkubwa, na aliletwa dukani na sifa za nguo nyeupe za Bwana Pasi.

Bwana Pasi alipokwenda kuchota maji ya pasi, nilivua soksi yangu moja ya michezo, nyekundu, rangi ya bweni letu, nikaitumbukiza katikati ya makoti, ambayo tayari yalikuwa mashineni. Nikawasha simu kikapuni. Mashine ikaanza kuchechemea. Ilipomaliza, niliiopoa soksi yangu na kuificha kifuani, mbichi, nikakaa pembeni kama malaika mwenye mafua.

Makoti yalitoka rangi ya ufizi wenye afya.

Shangazi akatazama. Furaha yake yote ikaondoka mara moja, na mashine ilikuwa imeshaanza kuchechemea na mzigo mwingine ilipofunguka ile sauti niliyoililia wiki nzima:

"Nyeupe ni zako, ni zako peke yako!
Leo zimeona haya kama shavu la mwanao!
Daktari nimvishe nini, nimvishe keki?
Mgonjwa amtazame, afungue kinywa au acheke?"

Ulikuwa wimbo bora kuliko yote sita. Tatizo ni kwamba hakuwa ananiimbia mimi.

Bwana Pasi alilishika koti moja, akalisogeza karibu na uso, akalipeleka mbali, akalirudisha tena.

"Nilizikagua, Mama," akasema polepole. "Naapa nilizikagua. Labda ni macho."

"Kama ni macho, basi macho yamechoka," Shangazi akasema, na sasa hakuwa na mdundo wowote. "Wewe ndiye uliyeniletea daktari, na wewe ndiye unayeniondolea. Jumamosi ikiisha, utaniachia ufunguo wa duka, Bwana Pasi. Upumzike."

"Sawa, Mama."

Alirudi kwenye meza yake akaendelea kupiga pasi, ila kila baada ya shati moja alilinyanyua kwenye mwanga na kulikodolea, kama mtu anayesoma barua ya kuachishwa kazi. Soksi mbichi ilikuwa inanichuruzika tumboni.

Ijumaa niliamka nimeazimia kusema. Asubuhi nilimwendea Shangazi nikasema, "Shangazi, kuna jambo."

"Jambo gani?"

"Vibanio vinapungua."

Mchana nikamwendea tena. Nikamwuliza kama anahitaji maji ya kunywa. Jioni sikumaliza hata kumwita. Alinitazama kwa macho mekundu, nikasema nakwenda kumwona kinyozi kuhusu spika. Bwana Pasi alikuwa anaifuta meza yake ya pasi kwa kitambaa, taratibu, hadi miguuni, ambako hakuna anayefikisha kitambaa.

"Kesho nitamsikiliza huyo rafiki yako hadi mwisho," akaniambia. "Huenda nikaacha kumwogopa."

Jumamosi saa nane, mtaa ulihamia mlangoni kwa Shangazi. Kinyozi alileta spika kwa toroli, kwani Jemedari hapendi kuonekana. Wengine walikaa juu ya ndoo, watoto mabegani mwa baba zao. Daktari wa meno alikuja amevaa koti lake la ufizi, kwani hakubakiwa na jingine, akasimama kwa kukunja mikono. Shangazi alikaa mbele kabisa kwenye kiti chake, amevaa gauni la kutokea. Ufunguo wa Bwana Pasi ulikuwa tayari mezani pa pasi.

"Msemaji, sema!" kinyozi akaniita.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nikasema tu, "Anzeni."

Wimbo wa kwanza, watu walishangilia. Wa pili walisimama. Kwa "Kola Haijifui" mwenye duka la vyuma na mkewe walipatana hadharani. Shangazi alikuwa anapiga goti lake kwa kiganja. "Kalelewa huyu!" alirudia. "Kalelewa!" Bwana Pasi alikuwa amekaa nyuma, mikono imekamata magoti ili isiende kupekua mfuko wa mtu.

Wimbo wa sita ukaisha. Ukaingia wa saba. Kwanza mlio wa mfuniko wa mashine. Kisha mnong'ono wa mtu aliye karibu mno na simu:

"Soksi imeingia. Nyekundu. Lazima Shangazi afoke leo, asipofoke hakuna wimbo wa saba."

Halafu dum-tak, dum-dum-tak, na sauti ikiwa ya mwanamke kabisa, haikushushwa hata ngazi moja: "Nyeupe ni zako, ni zako peke yako!"

Nyuma, Bwana Pasi alikuwa ameshasimama wima akitafuta kosa lake. Safari hii hakulipata.

"Mbona huyu anaimba makoti yangu?" Shangazi akauliza. "Kayajulia wapi makoti yangu?"

"Mama Dobi," kinyozi akasema kwa upole, "huyo ni wewe."

"Mimi? Mimi nina sauti hiyo?"

"Ndiyo hiyo," mtaa mzima ukajibu.

Shangazi akageuka, wala hakunitazama mimi. Alikwenda hadi meza ya pasi, akachukua ufunguo, akaushika mkono wa Bwana Pasi na kuufumba juu yake.

"Macho yako hayana neno," akamwambia. "Ni masikio yangu. Nisamehe, ndugu yangu."

"Yamekwisha, Mama," akasema Bwana Pasi. Kisha akamgeukia daktari. "Nipe siku mbili na hayo makoti." Daktari akatikisa kichwa kukubali, huku akijitahidi sana kutocheka.

Ndipo Shangazi akanijia. Alivuta pumzi ndefu, ile ya kabla ya gharika, na mtaa wote, kinyozi akiwa wa kwanza, ukachomoa simu na kuziinua juu. Akaziona. Akaishusha pumzi yake, akainama hadi sikioni kwangu, ili wasipate hata neno.

"Mwana wa kaka, nini hiki?"

"Bahati mbaya, Shangazi," nikanong'ona. Bweni hawakunifundisha bure. "Ule mwanzo ulitakiwa kukatwa. Nilisahau."

"Ulisahau."

"Haraka, Shangazi. Nilikuwa na kazi nyingi."

"Mimi hukohoa," akasema. "Nikifoka lazima nikohoe, sababu ya sabuni. Nimesikiliza nyimbo sita tangu mwanzo hadi mwisho, sijasikia kikohozi hata kimoja. Umevikata vyote, kimoja kimoja, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Sasa kikohozi changu ukakiona, na sauti ya mdomo wako mwenyewe ukaisahau?"

Nilitafuta uongo wa tatu. Nilikuwa nao kila siku, umekunjwa vizuri, na leo sanduku lilikuwa tupu.

"Sikusahau," nikasema. "Niliuacha. Jana nilikuja mara tatu nikuambie, Shangazi, mdomo ukagoma, ukasema vibanio. Nikaona spika ya kinyozi ina mdomo mkubwa kuliko wangu. Soksi ni yangu, makoti ni mimi, Jemedari ni mimi." Kisha, kwa kuwa alikuwa bado ananitazama: "Na kalamu ya siku ya kwanza niliiona kabla ya kufua."