Kinyota Kando ya Jina la Dilawar

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama uwanjani, mpira mkononi, jua la saa nane linawaka, na hakuna aliyekumbuka kuniambia kwamba nilistaafu miaka kumi na mmoja iliyopita.

Mimi ni Ajwang'. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa mrushaji wa kriketi, kwanza wa klabu, kisha wa taifa, na kazi yangu ilikuwa kuwatoa wapigaji uwanjani. Niliwatoa tisini na tisa. Watu wakisikia hiyo idadi hunipa pole kana kwamba nimefiwa. Ukutani kwangu kuna kipande cha gazeti chenye matokeo ya mechi yangu ya mwisho, na kando ya jina la Dilawar, mpigaji wao, kuna kinyota. Ndivyo magazeti yanavyoonyesha kwamba mtu hakutolewa.

Katika ndoto naanza kuusugua mpira kwenye paja, kama nilivyozoea.

"Polepole," mpira unasema. "Miaka yote unanisugua upande mmoja. Huu mwingine umekuwa kama kisigino."

Naomba radhi. Nauliza hii ni mechi gani.

"Ile ile. Ya mvua."

Ikabidi nikumbuke, ingawa si jambo ninalopenda kukumbuka. Siku ile mpira wangu ulipitia ukingoni mwa gongo la Dilawar, nikausikia kwa masikio yangu, na Musumba, mlinda wiketi wetu, yule anayesimama nyuma ya vijiti vya mpigaji, akaudaka kabla haujagusa chini. Hapo mtu ameshatoka. Lakini kriketi ina sheria yake: mwamuzi hamtoi mpigaji mpaka aulizwe. Lazima mtu amgeukie na kupiga kelele, "Hauzat!", yaani vipi hiyo, ndipo ainue kidole cha kumtoa. Asipoulizwa, hata kama ameona kila kitu, ananyamaza.

Mimi si mtu wa kuuliza. Kwetu tulilelewa kwamba ukitaka kitu, unakaa karibu nacho mpaka mwenyewe aone. Musumba ndiye aliyekuwa akiniulizia miaka yote, maana alikuwa na koo la muuza samaki. Siku ile alikuwa na mafindofindo. Alifungua mdomo, ikatoka hewa. Akanitazama mimi, mimi nikamtazama yeye, wenzetu wakatutazama sote wawili, kisha mvua ikaja na kila mtu akakimbia. Mechi haikuendelea. Wiki iliyofuata bega langu la kulia likagoma, na sikurusha tena.

"Nani alitangaza kwamba mchezo umekwisha?" mpira unauliza.

Nafikiri. Kutangaza ni kazi ya mwamuzi, na mwamuzi wa siku ile, Mwalimu Shiundu, alikimbia mvua kama sisi.

"Hakuna," nasema.

"Basi haujaisha. Na sheria inakuruhusu kuuliza mpaka uanze kukimbia kwenda kurusha mpira unaofuata. Umewahi kurusha mwingine?"

"Bega langu..."

"Basi nafasi bado unayo. Ila ukipiga hatua moja ya mbio, imekwenda."

Miguu yangu, ambayo haikushirikishwa katika mazungumzo hayo, inaanza kuwasha.

Namtazama Dilawar. Yuko pale pale mbele ya vijiti, pedi miguuni, ndevu zimefika kifuani. Kando yake kuna jiko la mkaa na sufuria ya chai. Hajaondoka kwa sababu hakuna aliyemtoa. Ananieleza kwamba binti zake wawili waliolewa hapo hapo, na kwamba mazishi ya baba yake aliyatazama kwa mbali, yakipita nje ya ua wa uwanja.

Namwuliza kwa nini hakutoka mwenyewe.

"Ajwang', ndugu yangu, baba alinifundisha nisitoke mpaka niambiwe," anasema. "Lakini ule mpira nilisikia ukigusa. Niulizie. Nimechoka kusimama."

Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Siku zote nilidhani kimya changu kiliniumiza mimi peke yangu.

Nageuka kumtafuta mwamuzi, na uwanja haupo. Niko kwenye foleni ya ofisi fulani, nimeshika kikaratasi chenye namba mia moja, na taa ya ukutani inaonyesha tisini na tisa. Nyuma ya dirisha amekaa Mwalimu Shiundu. Amevaa sweta zote nilizowahi kumpa anishikie wakati narusha, za miaka kumi na minne, moja juu ya nyingine. Mikono yake imesimama pembeni kama ya mtoto aliyevalishwa na bibi yake.

Taa inabadilika. Mia moja.

"Shida?" anauliza.

"Hakuna, Mwalimu. Nilikuwa napita tu."

Ananitazama. Siku ile aliona, na mimi najua aliona. Anaanza kushusha dirisha, hana haraka wala hasira, na miguu yangu inajiweka tayari kukimbia. Kwa mbali namsikia Dilawar akipuliza jiko lake.

"Hauzat," nasema, kwa sauti ya kuomba chumvi kwa jirani.

Dirisha linaendelea kushuka. Ndipo napiga ukelele. Napiga kwa ajili ya ule mpira, na kwa ile mingine yote niliyomwachia Musumba, na kwa jiko la Dilawar, mpaka karatasi zinaruka mezani.

Mwalimu Shiundu anasimamisha dirisha. "Umekawia," anasema, kisha anajaribu kuinua mkono. Sweta hazimruhusu. Anavua moja, anaikunja, anaiweka mezani. Anavua ya pili. Naingia ndani kumsaidia kukunja. Tulipofika kwenye ya mwisho, yenye matone ya mvua mabegani, nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Mke wangu, Roselida, alikuwa jikoni akikanda unga. Nikaenda kunawa uso, na nikiwa kwenye korido nikasimama mbele ya lile gazeti. Dilawar, alama arobaini na tatu. Kisha karatasi tupu. Nikafuta kioo cha fremu kwa kiganja, nikatazama tena. Kinyota hakikuwepo.

Nilitaka kumwita Roselida aje aone, lakini sauti haikutoka hata kidogo. Ikabidi niende jikoni, nimshike mkono ukiwa na unga vile vile, nimvute mpaka pale ukutani nimwonyeshe kwa kidole.

Alisogeza uso karibu na kioo.

"Nilisikia mtu akipiga kelele alfajiri," alisema. "Nikajua si wewe."