Debe la Sita Bila

Dukani kwa Bi Icilda, ukifungwa sita bila kwenye dhumna, kiti hukioni tena. Unakalia debe la rangi lililopinduliwa pale mlangoni, na huondoki hapo mpaka umfunge aliyekuweka, yeye mwenyewe, sita bila. Ubishe, ulie, ununue ramu ya watu wote, debe ni lako.

Clovis alikuwa amelikalia hilo debe miaka na miaka. Aliyemweka ni Lascelles, mkulima wa vitunguu mwenye mdomo usiojua kupumzika. Watu wakaacha kumwita Clovis, wakamwita Sita. Hata siku anamzika mama yake, Lascelles alimshika mkono kaburini, akasema kwa sauti iliyomfikia mchungaji, "Pole sana, Sita." Waombolezaji wakainamisha vichwa kuficha kicheko. Clovis hakusahau, na kwa hilo hakuna wa kumlaumu. Kwa yaliyofuata, wapo.

Ukikaa chini unaona mikono ya watu. Clovis aliona kwamba Lascelles haziangalii kete zake. Anazipapasa. Kidole gumba kinapita juu ya vitone vilivyochimbwa, kinahesabu, ndipo anacheza. Zilizo mezani anazigusa pia, eti anaunyoosha mstari. Halafu siku moja akamimina ramu nje ya glasi, akacheka kama mlevi kabla hata hajaonja.

Macho yalikuwa yamekwisha, na Clovis alijua kwa nini mzee anaficha. Marvette, binti yake wa Kingston, alishaapa kwamba siku baba atakaposhindwa kuona, atakuja kumchukua na kuuza nyumba na shamba. Lascelles alikuwa akisema heri wamfukie katikati ya vitunguu vyake. Na Bi Icilda ni shangazi yake Marvette, simu haimtoki mkononi.

Mtu mwingine angenyamaza. Clovis akashuka sokoni, akanunua dhumna mpya, zile laini zenye vitone vya kupakwa rangi, unazipapasa kama kioo. Anayetoa changamoto ndiye huja na kete, ndivyo ilivyo pale.

Jumamosi mchana akaziweka mezani, akavuta kiti.

"Inuka kwenye kiti cha watu, Sita," Lascelles akasema.

"Leo nakuja kulirudisha debe, mzee."

"Wewe? Hata mbuzi wangu wanakufunga!" Watu wakapiga meza kwa kicheko. "Haya, changanya."

Kila mmoja akachukua saba, zilizobaki zikalala kifudifudi. Lascelles akainua kete ya kwanza, na kidole gumba kikasimama. Kikapita tena. Uso ukabadilika kidogo tu, lakini Clovis aliuona, na moyo wake ukajaa raha. Mzee angekataa angetakiwa kusema kwa nini. Hakusema.

Clovis akafungua kwa sita pacha. Lascelles akasikiliza watu wakipiga kelele "Sita! Sita!", akabahatisha kete moja.

"Hiyo ina tano na mbili, mzee. Haiingii. Rudisha."

"Nilikuwa nakujaribu."

Akarudisha, akatoa nyingine. Nayo haikuingia. Akaenda kuokota kwenye zilizolala, akaokota mpaka mkono ukajaa, na kete yenye sita alikuwa nayo tangu mwanzo. Clovis akamaliza kete zake bila haraka. Moja bila. Mbili bila. Watu walisema ramu imempanda mzee. Kufika tatu hakuna aliyecheka. Kufika tano Bi Icilda alikuwa ametoka nyuma ya kaunta na kisu cha samaki wa chumvi mkononi, anamtazama Lascelles.

"Lascelles, unaumwa?"

"Niache, mwanamke. Nacheza."

Jasho lilikuwa linamtoka. Mchezo wa sita ukafika mwisho. Mezani kichwa kimoja cha mstari kilikuwa tatu, na mkononi mwa Clovis ilibaki kete moja, tatu na nne. Ilikuwa kuitua tu. Kuipiga mezani, kwisha, debe limepata mwenyewe.

Hakuitua. Kumfunga tu hakukumtosha, alitaka kila mtu ajue. Akainyanyua ile kete mpaka mbele ya pua ya Lascelles.

"Nisomee hii, mzee. Ni ngapi na ngapi?"



"Clovis," Lascelles akasema, na miaka yote hiyo hakuwa amelitamka jina hilo. "Clovis, ndugu yangu, weka kete yako tuondoke."

"Soma kwanza! Anashindwa! Haoni huyu, jamani, kipofu!"

Lascelles akaziachia kete zake, akasimama. Akaupapasa ukuta kuutafuta mlango, akalikwaa lile debe, akaanguka kifudifudi kwenye udongo mwekundu. Clovis akacheka. Aliyecheka ni yeye peke yake.

"Icilda," mzee akasema akiwa bado chini, analia waziwazi, "usimpigie mtoto simu. Nakuomba."

Bi Icilda naye alikuwa analia. Akapiga.

Marvette alikuja na gari siku hiyohiyo, akamfunga baba yake mkanda kama mtoto. Wiki haikwisha, shamba likawa na mnunuzi.

Jumamosi iliyofuata Clovis aliingia amevaa shati la kanisani. Akavuta kiti, akakaa.

"Wa kwanza nani?"

Hakuna aliyechukua kete. Bi Icilda akalisukuma debe kwa mguu mpaka likagusa kiatu cha Clovis.

"Tano bila si sita bila."

"Aliondoka mwenyewe!"

"Aliondoka kete yako ikiwa bado mkononi. Kete isiyotua mezani haihesabiwi, na unajua." Akaanza kufuta kaunta. "Anayeweza kukutoa hapo yuko Kingston, na wewe ndiye uliyempeleka. Sogea mlangoni, Sita."