Unga wa Devenny

Mikate ya soda, isiyotiwa hamira, ilikuwa inaanza kubadilika rangi juu ya bamba la chuma, nusu imegeuzwa na nusu bado, Lexie Gault aliposikia lori linasimama mlangoni. Halikuwa gari la Tucker, aliyezoea kumletea unga. Gari la Tucker alilijua kwa kikohozi chake. Akafuta mikono kwenye aproni, akafungua komeo, akamkuta mwanamume mgeni ameshabeba gunia begani.

"Niweke wapi, mama?"

"Tucker yuko wapi?"

"Gari lake limelala. Wameniambia nilete mwenyewe, nisikucheleweshe."

Lexie akamwonyesha kona ya nyuma, akarudi mbio kugeuza mikate. Unga huo hakuwahi kuupenda. Zamani alikuwa ananunua kwa mtu wa kinu, unga mkavu, mweupe, bei inayoeleweka. Kisha Ivan Crothers, mkuu wa vijana wa mtaa, kikosi cha siri cha Waprotestanti wenye bunduki, akatangaza kwamba waokaji wote wa upande huu watanunua kwa vijana, ili faida isaidie ulinzi na familia za wafungwa. Mtu wa kinu alirudi mara moja tu, akakuta matairi ya gari lake yamechanwa, hakuonekana tena. Tangu hapo bei ilikuwa inapanda na unga unanuka unyevu. Lexie hakuthubutu kupandisha bei ya mkate, akaupunguza ukubwa. Juzi Hessie Boal, jirani yake, alimuuliza mbele ya wateja kama mkate huo unatafunwa au unamezwa kwa maji kama kidonge.

Mgeni alileta gunia la mwisho, akavua kofia afute jasho. Kwenye paji la uso wake palikuwa na msalaba wa majivu.

Ilikuwa Jumatano ya Majivu, Lexie akakumbuka. Huko kwao Wakatoliki wote wangekuwa nao leo. Lakini huku, upande huu wa ukuta wa mabati unaoigawa Belfast, katika mtaa ambao hata mawe ya ukingoni yamepakwa rangi za bendera ya Waprotestanti, alama ile ilitosha mtu abebwe maiti kwa shuka. Mgeni aliona kwamba ameonekana, akairudisha kofia taratibu.

"Usiogope, mama. Nina ruhusa. Bwana Crothers mwenyewe anajua."

"Anajua nini?"

"Kwamba tunaleta. Kawaida tunamkabidhi Tucker nje ya mji, leo ndiyo imetokea hivi."

"Mnaleta kutoka wapi?"

Alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mji anaoishi. "Kwa Devenny. Wapi tena? Tangu ile Novemba ya mwaka juzi, wakubwa wa huku na wa kwetu walipopeana mikono. Kwani hukuambiwa?"

Mikate iliungua. Lexie aliisikia harufu, wala hakwenda kuigeuza.

Januari iliyofuata Novemba hiyo, Uel, mume wake, alitumwa kwenda kulichoma ghala la unga la Devenny, upande wa Wakatoliki. Aliambiwa ni ghala la adui, faida yake inanunua risasi za kuwaua Waprotestanti. Alipenya na madebe mawili ya petroli, akakuta askari wamekaa ndani wanamngoja. Hakimu alimpa miaka kumi na miwili. Mtaa mzima ulisema Wakatoliki walikuwa na mpelelezi, na Ivan Crothers alikuja mwenyewe kumpa Lexie pole, akala keki ya zabibu, akasema Uel ni simba.

Wiki chache kabla ya kutumwa, simba huyo alikuwa amesimama kwenye klabu ya vijana, watu wakiwa na bia mkononi, akauliza michango ya familia za wafungwa inakwenda wapi, maana mjane wa rafiki yake anachoma viti vyake apate moto. Lexie alimlaumu usiku ule. Alimwambia mdomo wake utamponza.

Kumbe ulikuwa umeshamponza.

*

Adhuhuri Tucker Nesbitt alikuja na basi dogo la kuwapeleka wake na mama za wafungwa gerezani. Basi lilikuwa la vijana, na ingawa lilisemwa ni la bure, kila mwanamke alitia kitu kwenye kopo karibu na dereva. Tucker alikuwa rafiki wa Uel tangu shule. Ndiye aliyesimama naye kanisani siku ya harusi. Ndiye pia aliyekuwa dereva usiku ule wa ghala.

"Shemeji, leo umependeza," alisema, akimfungulia mlango. "Unga ulifika?"

"Ulifika."

"Nani kaleta?"

"Mtu."

Tucker alimtazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akafunga mlango.

Njia nzima Lexie hakutulia. Alivua glavu, akazivaa. Hessie, ambaye mwanawe naye alikuwa kifungoni, alimpa peremende na kumwambia akome kupapatika, la sivyo yeye Hessie atadhani amekaa karibu na kuku. Lexie alikuwa anapima. Uel hakujua kuficha kitu usoni. Akiambiwa, atarudi bwenini kwa vijana uso umeandikwa kila kitu, na humo ndani mkono wa Ivan ulifika kama ulivyofika nje. Asipoambiwa, atakaa miaka yake yote akimshukuru aliyemzika.

Ukumbi wa kuonana ulikuwa na meza zilizopigiliwa sakafuni na askari magereza kando ya kuta. Wanaume wa kikosi walikaa karibu karibu, mnyapara wao akiwa meza ya pili kutoka kwa Uel. Uel alikuwa amekonda shingoni.

"Duka linaendaje?"

"Linakwenda."

"Ivan anakutunza?"

Lexie akamshika vidole. "Uel, usipaze sauti. Unga ninaookea mikate unatoka kwa Devenny."

Uel akacheka. "Devenny gani? Yule wa upande wa pili?"

"Yule yule. Leo ameuleta mtu wao mwenyewe, ana majivu usoni. Anasema wakubwa walipatana Novemba. Wewe ulitumwa Januari."

"Atakuwa amekudanganya. Hao ndio zao, kutugombanisha."

"Angenidanganya ili apate nini? Alikuwa anashusha magunia. Hakujua hata mimi ni nani." Akainama zaidi. "Nani alijua kwamba unakwenda?"

"Ivan, aliyenituma. Mimi. Na Tuck..."

Hakulimaliza jina. Lexie aliuona uso wake unavyopoteza rangi, kuanzia midomoni.

"Aliniambia injini itakuwa inawaka," Uel alisema. "Nilipotolewa na pingu, gari halikuwapo. Nikasema moyoni, afadhali, mwenzangu kaokoka. Lexie, mwaka mzima huu namwombea yule mtu."

"Mla nawe hafi nawe."

"Ungeninyamazia." Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda, akaishusha. "Ningemaliza kifungo changu nikiwa mjinga. Mjinga analala."

"Na siku ya kutoka ungekwenda kumshika mkono."

Mnyapara alikuwa amegeuka, anatabasamu, anatazama. Uel alijaribu kumrudishia tabasamu, likamshinda, na wote wawili waliliona linavyomshinda.

"Huu uso nitarudi nao vipi kule ndani?" aliuliza.

"Usirudi nao."

Alielewa. Kulikuwa na jengo dogo la wale waliojitenga, na kila mtu mtaani alijua maana yake. Aliyeomba kuhamishiwa huko ameukataa mkono wa vijana. Jina lake hufutwa, na mke wake huvunjiwa vioo, kama ana bahati.

"Na wewe je?"

"Mimi nina miguu. Wewe ndiye huna pa kwenda."

Uel alimtazama jinsi mtu anavyotazama nyumba anayoihama. Kisha akasimama, na kwa kuwa hakujua kusema jambo kwa nusu sauti, alilisema mbele ya ukumbi wote.

"Afande. Mimi bwenini kwa hawa sirudi. Nihamishe."

Watu wa meza zote waligeuka. Mahali fulani mtoto aliendelea kugonga kiti kwa kisigino, mama yake akamshika mguu.

"Una hakika, Gault?" askari aliuliza, si kwa ubaya.

"Nimesema."

Mnyapara alitema mate sakafuni. Uel aliweka mkono begani kwa Lexie, ukakaa mzito, kisha wakamtoa kwa mlango mwingine.

*

Kurudi kwenye basi, Hessie Boal alichukua mkoba wake akahamia kiti cha mbele. Wengine nao walisogea, mmoja baada ya mwingine, mpaka Lexie akabaki na nusu nzima ya basi peke yake. Kuna aliyemnong'oneza Tucker kabla hawajaondoka, kwa sababu aliikwaruza gia mara mbili, yeye ambaye hakuwahi kuikwaruza.

Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha Belfast. Tucker aliwashusha wanawake mmoja mmoja, na kila mlango ulipofunguliwa alisema neno la chini kwa anayeshuka. Mwisho akabaki Lexie. Alizima gari kona moja kabla ya dukani.

"Shemeji, kwa nini umefanya hivi?"

"Usiku ule, nani alifika kwanza pale ghalani? Nyinyi au askari?"

Tucker aliangalia vioo, kimoja kimoja. "Niliambiwa nimshushe niondoke. Sikuambiwa kwa nini."

"Hukuuliza."

"Aliyekuwa anauliza ni Uel," alisema. "Ukaona yaliyompata."

Lexie alidhani atamchukia, alikuwa amejiandaa njia nzima, lakini alichokiona mbele yake ni shingo ya mtu mwenye upara unaoanza, kola chafu, mikono inayong'ang'ania usukani wa gari lililokwisha kusimama.

"Nimewaambia hao wanyamaze," Tucker akasema. "Mpaka kesho asubuhi watanyamaza. Kesho lazima nimwambie Ivan, ama atajua kwamba nilijua. Una mpaka asubuhi, Lexie. Zaidi ya hapo siwezi. Nina watoto."

Alingoja. Lexie alitambua kwamba alikuwa anangoja ashukuriwe.

"Uel hukumpa hata hiyo asubuhi," alisema, akashuka.

Mbele ya duka wanawake wawili walikuwa wamejibanza kwenye kizingiti, wakingojea mkate wa jioni. Lexie alikuwa amepanga kuingia kwa mlango wa nyuma, atie nguo mbili kwenye begi, awahi treni ya kwenda mji wa Larne kwa dada yake. Badala yake alifungua duka, akawasha taa zote, akaipanga mikate iliyobaki juu ya kaunta.

"Kabla hamjanunua," alisema, "mjue mnakula nini. Unga huu ni wa Devenny."

"Devenny yupi?" aliuliza yule mkubwa.

"Wa ng'ambo ya ukuta. Ambaye Uel alikwenda kumchomea ghala. Wakati Uel anakamatwa, Ivan na watu wa kule walishakuwa kitu kimoja. Mnaona mkate unapungua mnadhani ni vita. Ndiyo biashara yenyewe. Muulizeni Ivan."

Yule mkubwa alirudisha mkate juu ya kaunta kama kitu cha moto, akatazama mlangoni, akatoka bila kuaga. Kijiwe cha vijana kilikuwa mtaa wa pili, na Lexie alisikia visigino vyake vinaelekea huko, vikaongeza mwendo.

Mwanamke wa pili, mdogo, amebeba mtoto ubavuni, hakuondoka. Mumewe alikuwa kikosini tangu majira ya joto. Aliitazama mikate, akamtazama Lexie, akatazama tena mikate.

"Umeshamwambia nani mwingine?"

"Wewe. Na kila atakayeingia, mpaka waje."

Mwanamke alimpandisha mtoto, kama anayeupimia ule ukweli mahali pa kuuweka katika nyumba yake ambayo tayari haikuwa na nafasi.

"Nipe miwili," akasema. "Watoto hawajala tangu asubuhi."

Lexie akamfungia mitatu.